Nishati Inaingilia Wapi? Kuyaelewa Magari ya Haibridi na ya Umeme Tukiwa Mtwara na Lindi

Mtu wa Mtwara akimwona jirani amerudi kutoka Dar es Salaam na Toyota Aqua au Nissan Note, swali la kwanza huwa moja: hili unalichomeka ukutani usiku? Halichomekwi. Nyuma lina nembo ya haibridi, ndani lina betri ambayo si ile ndogo ya kuwashia, likisimama injini hunyamaza kabisa, na bado linaingia sheli kujaza petroli kama Noah yoyote. Mwulizaji huondoka haelewi zaidi ya alivyokuja, na mara nyingi hata mwenye gari haelewi.

Mkanganyiko huu una gharama. Watu wananunua kwa fedha za korosho, fedha inayoingia msimu mmoja kwa mwaka, na gari lisilofaa njia zetu ni hasara ya miaka. Ninaamini aina zote za magari haya, yaliyoko barabarani na yanayojaribiwa maabara, zinaeleweka kwa maswali mawili. Kwanza, nishati inaingilia wapi: tundu la mafuta, tundu la chaji, au yote mawili? Pili, ni nini kinachozungusha tairi: injini, mota ya umeme, au vyote kwa pamoja?

Tuanze na Aqua na mkubwa wake, Prius, iliyoanza kuuzwa Japani Desemba 1997. Kwenye matoleo ya kawaida nishati inaingilia sehemu moja tu, tundu la mafuta. Hakuna umeme unaotoka TANESCO. Umeme wote ulio ndani ya gari umetokana na petroli iliyokwisha kuchomwa. Kwa nini basi linakula mafuta kidogo?

Sababu iko kwenye tabia ya injini yenyewe. Injini ya petroli hufanya kazi vizuri katika mwendo fulani na mzigo fulani tu. Ukiwa kwenye msongamano wa sokoni, ukianza kuondoka, ukisimama kupakia abiria, inachoma mafuta mengi kwa kazi ndogo. Mota ya umeme ni kinyume chake: ina nguvu kamili tangu tairi linapoanza kuzunguka, na ikisimama haili kitu. Toyota waliviunganisha viwili hivi kwa seti ya gia ambayo fundi akiifungua mara ya kwanza huona ni ndogo kuliko alivyotarajia. Katikati kuna gia moja, kuizunguka kuna gia ndogo kadhaa zilizoshikwa na fremu moja, na nje kuna pete yenye meno kwa ndani. Injini imefungwa kwenye ile fremu. Gia ya katikati imefungwa kwenye jenereta. Pete ya nje ndiyo inayokwenda kwenye tairi, na mota kubwa imefungwa huko huko.

Matokeo yake ni kwamba msukumo wa injini unagawanyika wakati wote. Kwenye Prius za mwanzo, asilimia 72 ya msukumo wa mzunguko huenda kwenye pete na asilimia 28 kwenye jenereta. Kompyuta ya gari ikiongeza au kupunguza mwendo wa jenereta, inaibadilishia injini mwendo bila kubadilisha kasi ya gari. Hapo hamna klachi wala mkanda wa gia. Hata stata ya kawaida haipo, kwa sababu jenereta ndiyo inayoiwasha injini. Mimi huuhesabu huu kuwa mmoja wa ubunifu mzuri kabisa uliowahi kuwekwa kwenye gari la mtu wa kawaida.

Kisha kuna breki. Gari la kawaida likifunga breki, mwendo wote unageuka joto kwenye padi na kupotea. Gari la haibridi huigeuza mota kuwa jenereta, tairi linaizungusha, na umeme unarudi kwenye betri. Kwa anayeteremka kutoka uwanda wa juu wa Wamakonde jambo hili si dogo, lakini lina mpaka wake. Gari la kilo 1,300 likishuka mita 500 hutoa nishati ya karibu kilowati-saa 1.8. Sehemu yake huliwa na upepo na tairi, lakini inayobaki bado ni nyingi kwa betri ya Aqua, ambayo yote nzima haifiki kilowati-saa 1 na kompyuta hairuhusu ijazwe wala imalizwe kabisa. Kwa hiyo kwenye mteremko mrefu betri hujaa kabla hujafika chini, na gari huanza kuizungusha injini ili imsaidie dereva kuzuia mwendo. Dereva anayesikia injini ikipiga kelele katikati ya mteremko asidhani limeharibika.

Jambo moja kwa wenye magari haya, hasa wanaopita njia za vumbi za Tandahimba na Newala. Betri ile hupozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lililo karibu na siti ya nyuma. Vumbi jekundu likiziba hapo, au mzigo ukiegemezwa hapo, betri hupata joto na kufa mapema. Kusafisha tundu hilo ni kazi ya dakika chache. Betri mpya ni habari nyingine kabisa. Na kwa mafundi wetu: waya wenye ganda la rangi ya chungwa si wa kugusa kwa majaribio. Betri ya Prius ina zaidi ya volti 200, na kifaa cha kubadilisha umeme huipandisha zaidi ya hapo. Kuna plagi ya kukata umeme huo, nayo huondolewa kabla ya kazi yoyote.

Nissan Note yenye mfumo wa e-Power, iliyotoka Japani 2016, inaonekana kama Aqua kwa nje lakini jibu lake la swali la pili ni tofauti. Nishati inaingia kwa petroli pekee, ila injini haijaungana na tairi hata kidogo. Injini ya lita 1.2 inazungusha jenereta, jenereta inatoa umeme, na mota ya umeme peke yake ndiyo inayosukuma gari. Ndiyo maana mwenye Note husema linaondoka kwa nguvu na halina mshtuko wa gia, kwa kuwa anachoendesha ni gari la umeme lililobeba jenereta yake.

Wazo hili ni la zamani kuliko watu wanavyofikiri. Ferdinand Porsche alitengeneza gari la namna hiyo mwaka 1900, likiitwa Semper Vivus: injini za petroli zikizalisha umeme, na mota zikiwa ndani ya vitovu vya tairi za mbele. Miaka ile magari ya umeme yalikuwa mengi mijini Ulaya na Marekani. Kilichoyaondoa ni petroli ya bei rahisi na, kwa sehemu kubwa, stata ya umeme iliyowekwa kwenye Cadillac mwaka 1912, ambayo iliondoa adha ya kupiga hendeli ili injini iwake.

Mpangilio wa Note una udhaifu ambao mnunuzi wa Kusini lazima aujue. Mafuta yanakuwa umeme, umeme unakuwa mwendo, na kila badiliko lina makato. Mjini makato hayo hufidiwa na injini kufanya kazi pale inapopapenda tu. Lakini ukitoka Mtwara kwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 500 za mwendo wa juu usiobadilika, injini iliyoungana moja kwa moja na tairi haina makato hayo, na faida ya Note hupungua. Anayezunguka Shangani, Chikongola na Mikindani kila siku atafurahi nalo. Anayesafirisha abiria barabara kuu kila wiki afikirie mara mbili.

Aina ya tatu ina matundu yote mawili, la mafuta na la chaji. Mfano maarufu ni Mitsubishi Outlander ya kuchaji, iliyoanza kuuzwa 2013 ikiwa na betri ya kilowati-saa 12, inayotosha safari za mjini bila kuwasha injini. Baadhi yake zina soketi za kutoa umeme kwa vifaa vya nyumbani, jambo linalovutia mahali ambapo umeme hukatika. Zilizotengenezwa kwa ajili ya Japani, hata hivyo, hutoa volti 100, na friji zetu ni za volti 230.

Halafu kuna gari la umeme tupu. Tundu moja la chaji, mota, basi. Urahisi wake ndiyo sifa yake kuu: hakuna oili ya injini, plagi, rejeta ya injini wala bomba la moshi. Mota hugeuza karibu asilimia 90 ya umeme kuwa mwendo, wakati injini ya petroli kwenye matumizi ya mjini hupoteza zaidi ya robo tatu ya mafuta yake kwa joto. Tatizo ni chombo cha kubebea nishati. Kilo moja ya petroli ina nishati ya takribani kilowati-saa 12. Kilo moja ya betri nzuri ya lithiamu hubeba kama 0.2. Ufanisi wa mota hufidia sehemu ya pengo hilo, lakini haulifuti.

Hapa ndipo ramani yetu inapoingia. Nissan Leaf za mwanzo, za mwaka 2010 na kuendelea, zina betri ya kilowati-saa 24. Kipimo rasmi cha Marekani kiliipa umbali wa takribani kilometa 117 ikiwa mpya. Kutoka Mtwara mjini hadi Lindi mjini ni kama kilometa 110. Kwenye karatasi inafika. Lakini betri ya Leaf haina mfumo wa kupozwa kwa maji wala feni, na joto huizeesha. Wamiliki wa jimbo la Arizona nchini Marekani waliligundua hilo mapema, 2012, betri zao ziliposhuka uwezo haraka kuliko za waliokuwa sehemu za baridi. Joto la pwani yetu si la jangwa, ila ni la mwaka mzima.

Kwa anayefikiria kununua Leaf iliyotumika, angalia vijistari vidogo pembeni ya geji ya chaji. Gari jipya huwa navyo 12. Vikibaki 8, betri imebakiwa na karibu theluthi mbili ya uwezo wake, yaani kilometa 80 au pungufu. Gari hilo halifiki Lindi. Litakwama njiani, na wa kulivuta ni lori la dizeli. Kwa mtu anayeishi Mikindani na kufanya kazi mjini linaweza kuwa gari zuri kwa miaka mingi. Kwa mwenye shamba Nachingwea halifai hata kwa bure. Na likipita kwenye maji ya bahari au ya mafuriko ya pwani, lisichajiwe mpaka likaguliwe. Baada ya kimbunga Ian kupiga Florida mwaka 2022, baadhi ya magari ya umeme yaliyozama kwenye maji ya chumvi yalishika moto siku kadhaa baadaye.

Kwa maoni yangu, mabadiliko makubwa ya umeme barabarani mikoa hii hayataanzia kwenye gari dogo bali kwenye pikipiki. Hesabu yenyewe inasema hivyo. Tuseme bodaboda ya petroli inakula lita 2.5 kwa kilometa 100, na lita ni shilingi 3,000. Hiyo ni 7,500. Pikipiki ya umeme ya kazi hutumia takribani uniti 4 kwa umbali huo. Ongeza nusu uniti inayopotea kwenye chaja. Kwa bei ya kama shilingi 350 kwa uniti pamoja na kodi, ni chini ya 1,600. Tofauti ya karibu 6,000 kwa kila kilometa 100, kwa kijana ambaye huenda anamlipa tajiri hesabu ya kila siku, ni fedha inayobadilisha maisha. Ila achunguze mita anayochajia. Nyumba iliyo kwenye daraja la chini la bei, linalokusudiwa wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, italipita daraja hilo kwa pikipiki moja tu.

Ubunifu muhimu zaidi wa pikipiki hizi hauko kwenye mota. Uko kwenye kuitenganisha betri na chombo. Kigali, kampuni ya Ampersand imejenga vituo ambako dereva anatoa betri iliyokwisha, anachukua iliyojaa, na kuondoka baada ya dakika chache. Betri inabaki mali ya kampuni, kwa hiyo pikipiki inauzwa bila sehemu yake ya gharama kubwa, na dereva hapotezi saa za kazi akisubiri chaji. Mpango huo unahitaji madereva wengi katika eneo dogo. Mtwara mjini, Masasi na Lindi mjini ungewezekana. Lakini anayebeba korosho kutoka shamba la ndani Nanyamba kwenda ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kilometa nyingi kutoka kituo chochote, bado anahitaji betri yake mwenyewe na soketi ya nyumbani.

Na umeme wa soketi hiyo unatoka wapi? Mtwara una historia yake: gesi ya Mnazi Bay imekuwa ikizalisha umeme wa mji tangu miaka ya 2000, na bomba linaloanzia Madimba limekuwa likiipeleka gesi Dar es Salaam tangu 2015. Wapo wanaouliza, na ni swali zuri, kwa nini tusiichome gesi hiyo moja kwa moja kwenye injini kama zinavyofanya bajaji nyingi za Dar. Tuifuate gesi ile ile kwa njia mbili. Kwenye injini ya gari mjini, kama asilimia 20 ya nishati yake hufika kwenye tairi. Kwenye mtambo wa kawaida wa kuzalisha umeme, kama theluthi moja inakuwa umeme; njiani kwenye nyaya, chaja, betri na mota inapungua hadi kama robo. Faida ipo lakini si kubwa. Inakua pale mtambo unapotumia joto linalobaki kuzungusha mashine ya pili, kama Kinyerezi II ya Dar es Salaam, na inakuwa kubwa zaidi pale umeme unapotoka kwenye maji, kama wa bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lenye uwezo wa megawati 2,115. Kwa hiyo mtu akisema gari la umeme ni safi daima au kwamba ni uongo mtupu, mwulize kwanza umeme wake unazalishwaje.

Jua nalo lina nafasi. Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kilitoa gari la majaribio la umeme, Kiira EV, mwaka 2011, na 2016 mradi huo ukaonyesha basi la Kayoola lenye paneli za jua juu ya paa. Mwaka 2023 wanafunzi wa Eindhoven, Uholanzi, waliendesha gari lao la Stella Terra zaidi ya kilometa 1,000 nchini Morocco hadi jangwani, kwenye njia mbovu, kwa nguvu ya jua. Mwaka huo huo kampuni ya Ujerumani, Sono Motors, iliacha kabisa mpango wake wa gari la jua la familia, Sion. Hesabu ya paa inaeleza yote mawili: mita 3 za mraba za paneli, kwa jua letu, hutoa kama kilowati-saa 3 kwa siku, zinazotosha kilometa 18 hivi kwa gari dogo. Gari zito la watu watano halipati maana hapo. Chombo chepesi kinapata, na bajaji yenye paa la paneli ingeongeza sehemu kubwa ya mwendo wake wa siku bila kwenda popote. Wepesi na umbo ndivyo vilivyoiwezesha pia Mercedes Vision EQXX, gari la majaribio la 2022, kutoka Ujerumani hadi kusini mwa Ufaransa, zaidi ya kilometa 1,000, kwa chaji moja ya betri isiyofika kilowati-saa 100.

Nimeacha mwisho jambo linalotugusa kuliko yote. Betri ya lithiamu ina pande mbili. Upande chanya ndio unaozungumzwa sana, wenye nikeli, kobalti au chuma na fosfeti. Upande hasi, karibu kila betri ya gari iliyoko barabarani leo, ni kinywe (grafiti). Madini haya yamepangika kwa tabaka nyembamba kama kurasa za kitabu, na unapochaji, lithiamu huingia katikati ya tabaka hizo na kukaa humo hadi gari litakapoihitaji. Gari moja la umeme hubeba kinywe cha kilo 50 hadi 100, uzito unaoipita kwa mbali lithiamu iliyoipa betri jina lake.

Kinywe hicho kiko Ruangwa. Lindi Jumbo, Nachu na Chilalo yote yako wilaya hiyo moja, na vipande vyake ni vikubwa, jambo linalosifiwa sokoni. Lakini kinachotoka mgodini hakiingii kwenye betri kilivyo. Lazima kisagwe na kuviringishwa kuwa punje za mviringo, hatua ambayo huacha sehemu kubwa ya mali nje ya matumizi ya betri, kisha kisafishwe hadi kufikia usafi wa asilimia 99.95, kwa asidi kali au joto la juu sana. Hatua hizo kwa sehemu kubwa hufanyika China, na thamani huongezeka huko. China ilipoanza kudhibiti uuzaji wa kinywe nje mwaka 2023, viwanda vya betri vya nchi nyingine viliona ghafla jinsi vinavyotegemea mlango mmoja.

Hii ndiyo sababu ninataka watu wa Lindi wafuatilie magari ya majaribio kwa makini kuliko mtu mwingine yeyote. Watafiti wanachanganya silikoni kwenye upande hasi kwa sababu inabeba lithiamu nyingi zaidi kwa uzito ule ule. Wengine wanatengeneza betri zisizo na majimaji ndani, zenye upande hasi wa lithiamu tupu. Na betri za sodiamu, ambazo kampuni ya CATL ilizitangaza 2021, hazitumii kinywe kabisa. Hutumia kaboni ngumu, ambayo njia mojawapo ya kuipata ni kuchoma vifuu vya nazi. Mikoa yetu ina vyote viwili, kinywe ardhini na minazi pwani. Kiwanda cha kusafisha kinachojengwa leo kitahitaji miaka mingi kurudisha gharama, na kitauza kwa wenye viwanda ambao bado hawajaamua betri ya miaka ya 2030 itakuwa ya aina gani. Kwa hiyo kampuni ikija Ruangwa kuzungumza na wananchi na halmashauri, maswali ya kuulizwa mapema ni haya: mnasafisha hadi asilimia ngapi, wapi, na mteja wenu anatengeneza betri ya aina gani?